Viatu vya Mguu wa Kushoto

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, shika haya tu, mengine yatakuja yenyewe. Dada yangu Delfina, niliyemwita Manang Pina kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa, alikamatwa katika duka la Perlita akiwa na kiatu cha mtoto ndani ya blauzi. Walimpa kibao ashike, wakampiga picha, wakaibandika ukutani. Mwezi haukuisha, akalala asiamke. Mimi nauza viatu katika duka hilohilo. Yeye alitumia jina la mumewe, mimi la baba, na hakuna aliyejua kuwa tumetoka tumbo moja.

Tuliishia pale nilipolivuta sanduku kutoka chini ya kitanda chake.

Vilikuwa viatu vya watoto. Vipya, lebo zikining'inia. Vyote vya mguu wa kushoto.

Pale Perlita rafuni tunaweka kiatu kimoja tu, cha kushoto. Cha kulia kinabaki stoo ndani ya boksi mpaka mteja aamue kununua. Ndiyo dawa yetu ya wadokozi. Nani ataiba kiatu kimoja?

Dada yangu aliiba.

Na sisi, kabla hajajulikana, tulimcheka. Jonalyn, mwenzangu wa kitengo cha viatu, alimbatiza jina la Kiguu.

"Atakuwa na mguu mmoja huyo," alisema siku moja akipanga rafu.

"Na watoto wake je?" nikauliza. "Maana hivi ni vya watoto."

"Wamerithi!"

Tulicheka mpaka meneja wetu, Bi Sorongon, akatoka ofisini. Yeye hakucheka.

"Mwizi wa kushoto ana rafiki wa kulia," alisema. "Na wa kulia yuko stoo. Yuko humu ndani, kati yenu."

Tangu siku hiyo tukawa tunapekuliwa kila tunapotoka, mikoba, mifuko ya aproni, hadi chombo cha chakula. Waliopekua walipoteza muda wao. Manang hakuwa na rafiki wa kulia. Hakumhitaji.

Alikuwa na binti mmoja, Amorcita. Tulimwita Cita. Mwaka juzi, mto ulipovunja kingo na maji kuingia mtaani kwa ghafla, Cita alichukuliwa. Manang alikuwa sokoni, ng'ambo ya pili. Ndivyo alivyotueleza sote, na alieleza mara moja tu. Maji yalipopungua tulimpata mtoto akiwa na kiatu cha kulia peke yake.

Kwetu maiti havishwi viatu, asije akasikika akitembea nyumbani. Unavilaza kando ya miguu yake. Cita tulimlazia kimoja.

Manang aliinama juu ya jeneza akaninong'oneza, "Femia, huko aendako, mguu wa pili atavaa nini?"

Nilifikiri ni uchungu unaosema. Nikamshika bega.

Sasa Manang mwenyewe amekwenda, nami nimehamia nyumbani kwake kumtunzia mshumaa. Roho ya marehemu haiondoki upesi. Inazunguka nyumbani, inagusa vyombo vyake, mpaka siku ya arobaini ndipo ishike njia. Lakini haishiki njia ikiwa na cha mtu mkononi.

Na kila alfajiri, nikiinjika wali, nasikia sakafu ya mbao.

Ko. Kisha kimya. Ko. Kisha kimya.

Ni hatua fupi, kama za mtoto. Mguu mmoja una kiatu. Mwingine hauna.

Nilimuuliza Rodelio. Huyu ni mume wa Manang, baharia, aliyeomba ruhusa melini aje kuzika na kusubiri arobaini.

"Panya hao, shemeji," alisema.

"Panya wa kuvaa kiatu?"

Lakini tangu hapo analala redio ikiwa imewashwa.

Arobaini iliangukia Jumapili. Nikajiapiza: kabla ya Jumapili viatu vyote vitarudi rafuni, na picha itashuka ukutani. Manang ataondoka mikono mitupu, uso wake hautabaki kati ya wezi.

Kurudisha kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Tunapekuliwa tukitoka. Anayeingia na kitu nani ampekue? Kila asubuhi nilificha kimoja au viwili chini ya aproni, nikavipachika rafuni kabla milango haijafunguliwa.

Nilisahau jambo moja. Kila kiatu kilipoibwa, tulikuwa tumeweka kingine badala yake.

Mteja mmoja alimkalisha mwanawe kwenye stuli akamvisha vyote viwili vya rafuni. Mtoto akasimama, vidole vimeelekea upande mmoja kama samaki wa kuokwa.

"Inday," mama yule alimwambia Jonalyn, kama aitwavyo kila binti kwetu, "mwanangu ana mguu wa kulia pia, au hamjauona?"

Jonalyn akatazama rafu. Akatazama tena. Akanivuta nyuma ya pazia la stoo.

"Femia, viatu vimezaa."

"Viatu havizai."

"Basi nieleze wewe! Jana kilizidi kimoja, leo viwili. Vya kushoto tupu. Kiguu anarudisha."

"Kiguu si alikamatwa? Picha yake si ile mlangoni?"

"Kiguu amekufa, mwenzangu! Hujasikia? Manong Serapio mlinzi kaambiwa na muuza samaki. Amekufa, na arobaini yake haijafika." Alinyoosha mkono. "Ona vinyweleo. Ona!"

Niliona. Vyangu navyo vilikuwa vimesimama, ila kwa sababu nyingine.

Kufika mchana duka zima lilikuwa linanong'ona. Wasichana wa vipodozi walikataa kwenda msalani peke yao. Muuza sufuria aliapa ameona kivuli cha mwanamke asiye na uso.

Manong Serapio ni mkuu wa walinzi, mzee tunayemwita Manong, yaani kaka mkubwa, mwenye kifimbo cha kupekulia mikoba. Ndiye aliyemshika Manang. Jioni ile nilipokuwa natoka nilimkuta amesimama mbele ya ukuta wa wezi, kofia mkononi. Chini ya picha ya dada yangu alikuwa amewasha mshumaa.

"Nisamehe, Inday," alikuwa akiiambia picha. "Mimi nilishika mkono tu. Amri haikuwa yangu."

Manang alimtazama kutoka ukutani, kibao kifuani: MIMI NI MWIZI. Herufi kubwa, mikono yake midogo pembeni.

"Manong," nikasema, na sauti ikanigeuka, "kama unamwogopa, si uitoe tu?"

"Niiguse?" Alirudi nyuma. "Una wazimu wewe? Atakuja aitoe mwenyewe."

Nikaona nimejichimbia shimo. Nilirudisha viatu ili picha ishuke, na sasa hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mtu mmoja tu hakuogopa. Bi Sorongon alituita sote mbele ya rafu.

"Mzimu gani huu," akauliza, "unaojua rafu ya watoto ni ipi? Unaopanga kiatu kwa rangi yake? Mizimu haisomi lebo." Macho yake yakapita juu ya kila uso. Kwangu yalikaa kidogo. "Huyu ana kadi ya kazi."

Nikapumzika kwa siku mbili. Sikuleta kitu.

Lakini Jumamosi ikafika, na kesho yake ni arobaini, na sandukuni vimebaki viwili. Kimoja cheupe chenye kamba. Kingine kilikuwa chini kabisa, kimefungwa ndani ya leso ya Manang. Nilikipapasa nikajua ni kiatu. Fundo lilikuwa limekazwa kwa nguvu, na fundo alilolifunga yeye sikuwa na moyo wa kulifungua jikoni kwake. Nikavitia vyote viwili chini ya aproni.

Alfajiri ile hatua zilinifuata mpaka mlangoni. Ko. Kimya. Ko.

"Vinarudi, Manang," nilisema bila kugeuka. "Leo vinaisha."

Dukani taa zilikuwa bado nusu. Nikapiga magoti mbele ya rafu, nikatoa kile cheupe, nikakiweka mahali pake.

Pazia likafunguka. Mkono ukanikamata.

Nilipiga ukelele. Aliyenikamata akapiga mkubwa zaidi.

"Yesu na Maria! Ni yeye! Bi, ni yeye! Amevaa sare yetu!"

Alikuwa Manong Serapio, ameangusha kifimbo na kofia pamoja. Hakuniachia wala hakuweza kunitazama.

Bi Sorongon alitokea nyuma yake na tochi, akanimulika usoni.

"Mzimu wako unaitwa Eufemia," alimwambia. "Unauza viatu hapa mwaka wa sita. Acha kulia."

"Lakini tazama uso wake, Bi. Tazama!"

Bi akatazama. Akanishika kiwiko, akanipeleka hadi ukuta wa wezi, akanisimamisha kando ya picha. Akapeleka tochi kwangu, kwake, kwangu.

"Ndugu?"

"Dada yangu," nikasema. "Tumbo moja."

Hapo ndipo nilipolia, na si kwa hofu. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo ndani ya Perlita.

Chumba cha walinzi kina meza moja, viti viwili na kile kibao. Bi Sorongon alikitelezesha mezani mpaka mbele yangu.

"Shika."

"Bi, sikuiba. Narudisha."

"Nilisema tangu mwanzo kuwa wa kushoto ana wa kulia. Yeye anachukua rafuni, wewe unampa cha stoo. Amekufa, umeogopa, unarudisha. Shika kibao."

"Fungueni stoo," nikasema. "Hesabuni vya kulia. Kama kuna kimoja kimepungua, nitashika kibao, na picha yangu muiweke kando ya yake."

Jonalyn alitumwa. Alirudi na maboksi hadi kidevuni, akayafungua mezani moja baada ya jingine, kimyakimya. Katika kila boksi kulikuwa na kiatu kimoja cha kulia, kipya, kimekaa peke yake muda wote huo. Wakaleta vya kushoto nilivyorudisha. Kila kimoja kikapata mwenzake.

Jonalyn alikuwa anasoma namba kwenye soli.

"Ishirini na nane," akasema. "Ishirini na nane. Na hiki. Vyote ishirini na nane, Femia." Hakuwa na utani hata chembe. "Dada yako alikuwa na mtoto wa umri gani?"

"Alikuwa naye. Alichukuliwa na maji. Tulimzika na kiatu kimoja."

Nje milango ilikuwa inafunguliwa, muziki wa asubuhi ukaanza.

"Kiguu," Jonalyn akanong'ona, akajiziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu, na mimi ndiye niliyempa jina."

Bi Sorongon alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akasimama.

"Serapio, kaitoe ile picha."

"Bi, mimi…"

"Basi nishikie kiti nipande."

Tulimsikia akibandua gundi ukutani, polepole, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Akarudi, akanikabidhi picha mkononi bila kunitazama.

"Nimeshampigia shemeji yako simu, kwa namba iliyo kwenye faili la dada yako, aje akudhamini. Huo ndio utaratibu, siwezi kuuruka. Akishasaini, nenda nyumbani ukaandae arobaini." Akaonyesha aproni yangu. "Na hicho kilichobaki, kiweke hapa tumalize."

Nilikuwa nimeipata picha. Viatu vilikuwa vimerudi. Kwa pumzi chache tu, wasomaji wangu, nilijua raha ya mtu aliyetua mzigo.

Nikaiweka leso mezani.

Vidole vyangu havikuliweza fundo. Manong Serapio aliinama akalifungua kwa meno.

Kilikuwa kiatu cha kushoto. Lakini hakikuwa na lebo. Ngozi ilikuwa imekakamaa, na ndani ya kila mshono kulikuwa na tope kavu.

"Hiki si chetu," alisema Bi Sorongon.

"Ni chetu," Jonalyn akasema akikigeuza. "Mtindo huu tuliumaliza mwaka juzi. Ila hiki ni thelathini."

Sikuhitaji kuambiwa. Nilikiuza mimi.

Nilimpima Cita kwa mkono wangu, amekaa kwenye stuli anachezesha vidole. Ishirini na nane, kamili. Manang akasema, "Lete thelathini. Mtoto anakua, viatu havikui." Kila mama anasema hivyo pale Perlita. Sisi tunacheka, tunaleta vikubwa.

"Nani amekamatwa?" sauti iliuliza mlangoni. "Nimeambiwa nije kusaini."

Rodelio alikuwa amesimama na kofia yake ya melini, nywele mbichi, shati limefungwa vifungo kombokombo. Alinitazama mimi. Akaitazama picha mkononi mwangu. Kisha macho yake yakashuka mezani, yakaganda.

Hakuomba ruhusa. Alikichukua kile kiatu, akaingiza vidole viwili mpaka ncha, akachomoa donge la karatasi. Lilikuwa gumu kama jiwe. Alipolivunja, ndani, mahali ambapo maji hayakuwa yamemaliza kazi, palionekana maandishi ya kigeni.

"Gazeti la bandari ya Busan," alisema. "Nilifungia zawadi zake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza habari za safari. "Nilimjazia mimi mwenyewe, asubuhi naondoka kwenda melini. Vilikuwa vinampwaya. Nikamwambia Delfina, mtoto akikimbia vitamtoka hivi. Akasema atakua."

"Bwana, keti," alisema Manong Serapio.

Hakuketi.

"Niliambiwa kilikwenda na maji."

Jonalyn alikuwa anafunika maboksi, moja moja, bila sauti.

"Shemeji. Kilikuwa wapi?"

"Sandukuni," nikasema. "Chini kabisa. Ndani ya leso yake."

"Delfina alikuwa sokoni siku ile."

"Ndivyo alivyosema."

"Ng'ambo ya pili."

"Ndivyo alivyosema, shemeji."

Na hapo niliuona mkono. Sikutaka kuuona. Mkono wa Manang ndani ya maji ya tope, umekamata mguu mdogo kwa nguvu zote, na mguu unatoka taratibu ndani ya kiatu kinachopwaya, mpaka mkono unabaki umeshika kiatu tu.

Ishirini na nane. Vyote alivyoiba vilikuwa ishirini na nane. Vilivyomkaa. Ambavyo visingemtoka.

Kesho ni arobaini. Mumewe ndiye wa kuwasha mshumaa wa mwisho na kumwambia, nenda, hatukudai. Akilisema neno hilo kwa moyo mmoja, Manang ataondoka. Akishindwa kulisema, Manang atabaki kwenye ile sakafu, na mtoto atabaki akimzunguka na mguu mmoja peku.

Rodelio alikuwa amekishika kiatu kwa kisigino.

"Femia," alisema. Hajawahi kuniita kwa jina langu, sikuzote ni shemeji. "Kama alikuwa sokoni, hiki kilifikaje mkononi mwake?"

Nilimtazama Manang pichani, na kibao kile kifuani kikisema kosa dogo badala ya lile kubwa. Nikaigeuza picha, nikailaza uso chini.

"Kaa kwanza, shemeji," nikasema.